Faulo Kwanza au Kengele Kwanza?

Ubao wa kikapu uliokamilika kwa viwango vya FIBA umezungushiwa taa nyekundu. Saa ya mchezo ikifika sifuri taa zinawaka, na mpira ambao wakati huo bado umo mkononi mwa mfungaji hauhesabiwi hata ukitumbukia. Kanuni imeamua hata ugomvi wa jicho na sikio: penye taa, taa ndiyo inayofuatwa, king'ora kinakuja nyuma yake. Kwenye BK Arena ya Kigali, ambako Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL, ilizinduliwa Mei 2021, mwamuzi mwenye shaka anaweza pia kuiendea skrini iliyo pembeni mwa uwanja, akatazama tukio likirudiwa polepole, kisha akasema faulo ilikuwa ndani ya muda au nje.

Morogoro ni habari nyingine. Viwanja ambavyo mwandishi wa makala haya alijifunzia urefa, enzi za uanafunzi wake, vilikuwa sakafu za saruji kwenye shule na vyuo, nyingine zimepasuka palepale kwenye mstari wa mitupo huru. Ubao ulikuwa wa mbao, ringi haina wavu. Upande wa kusini umesimama ukuta wa milima ya Uluguru, na mawingu yalipoanza kuifunika minara ya mawasiliano iliyoko juu ya kilele cha Bondwa, watu wa mezani walianza kutafuta cha kufunikia karatasi ya mchezo. Mezani palikuwa na stopwochi, peni mbili, nyekundu na ya bluu, pamoja na kitu cha kutolea mlio. Kitu hicho kilibadilika mara kwa mara, na kilimfundisha mwandishi mengi kuliko semina yoyote aliyohudhuria baadaye.

Mwanzoni kilikuwa kipenga. Waandaaji walikuwa nacho cha ziada, wakampa mtunza muda kwa nia njema. Jioni moja, timu mbili za mtaani zikiwa zimeachana pointi moja, vipenga viwili vikalia karibu pamoja: kimoja cha refa aliyeona faulo, kingine cha meza kutangaza mwisho. Nani aseme kipi kilitangulia? Sauti zilifanana. Kila benchi lilisikia lilichotaka kusikia, na mabishano yakarefuka kuliko robo yenyewe, hadi mlinzi wa chuo alipokuja kuwakumbusha kwamba geti linafungwa.

Mzee aliyekuwa akiwafundisha vijana urefa, ambaye wote walimwita Mwalimu kwa sababu alikuwa amestaafu kufundisha hesabu, akapiga marufuku kipenga mezani tangu siku ile. Mchezo uliofuata alikuja na kipande cha reli na nondo ya kukigongea. Morogoro ni mji wa reli tangu 1907, na shule nyingi zimeita wanafunzi darasani kwa chuma cha namna hiyo. Kilipatikana kwa urahisi kuliko king'ora cha umeme, na hakikufanana na kipenga hata kidogo. Kasoro yake ni kwamba kikishagongwa kinaendelea kuvuma. Mwalimu akalimaliza hilo kabla halijaulizwa: linalohesabika ni pigo la kwanza, mvumo ni wa wasikilizaji.

Kuna jambo la kanuni hapa ambalo wachezaji wengi hawalijui, na marefa wapya hulipita haraka. Robo haimaliziki kwa sababu mtu ameona sifuri. Inamalizika pale ishara ya saa inapolia. Penye mitambo hayo mawili ni mamoja. Penye binadamu anayekodolea stopwochi kisha anainua nondo, kati ya sifuri na mlio kuna mwanya, na ndani ya mwanya huo mchezaji mwepesi anaweza kupanda, kugongwa mkono na kuachia mpira. Mwalimu hakuuonea haya mwanya huo. Alichotaka ni uwe uleule kwa timu zote mbili, kwa hiyo mtu wa kengele aliyeanza robo ya kwanza ndiye aliyeimaliza ya nne, awe na haraka ya kwenda sokoni au asiwe nayo.

Mafunzo hayo yalipimwa kwenye nusu fainali ya bonanza moja la vyuo. Jezi nyeupe walikuwa mbele kwa 58 dhidi ya 57 za jezi za kijani. Marefa walikuwa wawili, kama ilivyo kawaida ya viwanja visivyo na fedha: mwandishi akiwa refa wa mbele, chini ya ringi, na Mwalimu akiwa refa wa nyuma, karibu na mstari wa kati. Mashabiki walikuwa wakihesabu sekunde kwa sauti, na walihesabu kwa kasi makusudi ili kijani waharakishe kutupa. Mtunza muda alinyanyua mkono kuonyesha kumi za mwisho. Mchezaji wa kijani akakata kulia, akaukusanya mpira, akapanda. Mlinzi akamgonga kwenye mkono. Kipenga. Kengele. Mpira ukatoka mkononi, ukapiga ubao, ukaingia.

Kijani wakamwagika uwanjani. Nyeupe nao wakamwagika, kwa sababu tofauti. Mwalimu alitembea hadi katikati ya eneo la mitupo huru, akamwita mwenzake, akawageuzia watu mgongo.

“Faulo umeiona wewe?”

“Nimeiona, Mwalimu. Kwenye mkono, tayari anatupa.”

“Kabla ya kengele?”

“Kabla.”

“Mimi nimeangalia mpira. Kengele imelia bado anao. Kwa hiyo?”

Mwandishi alikuwa ameisoma kanuni hiyo mara nyingi, lakini kuisoma si sawa na kuisema huku watu wamekuzunguka. Akaisema. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akaenda mezani, akapishanisha mikono hewani kuonyesha kikapu kimefutwa, kisha akanyoosha vidole viwili: mitupo huru miwili.

Kelele zilizofuata zilitoka pande zote. Kijani walikuwa wamenyang'anywa ushindi. Nyeupe waliona wameonewa, kwani kama kikapu hakikubaliki, mitupo ya nini tena? Shabiki mmoja mwenye sauti nene akamshtaki Mwalimu kwamba anafunika kombe mwanaharamu apite, maneno yaliyowafurahisha watu wakayarudia. Kwa macho ya mtazamaji ilionekana hivyo kweli: kila upande umenyimwa kimoja na kupewa kimoja ili wote wanyamaze.

Kumbe hapakuwa na kugawana hata kidogo. Kengele ya mwisho inamuuliza refa maswali mawili yasiyohusiana. La kwanza ni la faulo: ilitokea kabla ya ishara, au sambamba nayo? Kanuni inataja vyote viwili, kabla kidogo na sambamba, maana yake pigo na mlio vikienda pamoja, aliyefanyiwa faulo ndiye anayepata haki. La pili ni la mpira: ishara ilipolia ulikuwa umeshaachiwa? Kama ulikuwa hewani, kikapu kingehesabiwa, na mfungaji angepata mtupo mmoja wa nyongeza. Kama ulikuwa mkononi, kikapu kinakufa lakini faulo inabaki hai, kwa kuwa muda ulioua kikapu haukuwepo pale mkono ulipogongwa. Hapo anatupa miwili, au mitatu ikiwa alikuwa nje ya mstari wa pointi tatu.

Kuna hali nyingine inayowakera watu zaidi ya hiyo. Mchezaji akifanyiwa faulo kabla tu ya mlio bila kuwa anatupa, na timu iliyokosea haijafikisha faulo tano katika robo hiyo, hakuna mtupo. Adhabu yake ingekuwa kurusha mpira kutoka pembeni, na pembeni kwa sekunde sifuri ni kitu kisichokuwepo. Mchezo umekwisha. Refa amepuliza faulo halali, ameitangaza mezani, na haikubadilisha kitu. Jaribu kumweleza hilo nahodha aliyepoteza kwa pointi moja.

Jezi ya kijani alisimama mstarini peke yake, wenzake wote wakiwa nyuma, maana hakukuwa na ribaundi ya kugombea. Wa kwanza ukagonga ringi ukatoka. Wa pili ukaingia: 58 kwa 58, muda wa nyongeza wa dakika tano. Kocha wa nyeupe, ambaye hadi hapo alikuwa amejizuia, akamfuata Mwalimu akamtupia maneno ambayo gazeti haliwezi kuyachapa. Akapewa faulo ya ufundi. Kwa kuwa robo ya nne ilikuwa imekwisha, faulo hiyo ilihesabiwa kuwa ya kipindi cha mapumziko, na mtupo wake mmoja ukatupwa kabla ya dakika tano kuanza. Kijani wakaingia muda wa nyongeza wakiongoza 59 kwa 58 bila mtu kukimbia hata hatua moja. Nyeupe walishinda mwishoni, jambo ambalo siku hizi ni wachache wanaolikumbuka. Wanachosimulia ni kikapu kilichofutwa.

Ukitaka kuona kisa kama hicho kikiwa kimevaa suti, tazama Boston, Januari 28, 2023. Lakers na Celtics walikuwa sare ya 105, sekunde zikiyoyoma, LeBron James akapanda kufunga na Jayson Tatum akampiga mkono wa kushoto. Marefa watatu walikuwepo, na hakuna aliyepuliza. Mchezaji mwenzake LeBron, Patrick Beverley, alichukua kamera ya mpiga picha na kwenda kumwonyesha refa. Akapewa faulo ya ufundi, Celtics wakaanza muda wa nyongeza kwa mtupo huru, wakashinda 125 kwa 121. Baada ya mchezo kiongozi wa marefa alikiri kwamba faulo ilikuwepo na haikuonekana. NBA ina utaratibu, tangu 2015, wa kuchapisha tathmini ya maamuzi ya dakika mbili za mwisho za michezo iliyokaribiana, ila tathmini hairudishi pointi.

Wapo wanaosema sekunde za mwisho refa aache wachezaji waamue. Sauti hiyo inasikika Boston na inasikika Kihonda, Morogoro. Mwandishi hakubaliani nayo. Ukiacha kupuliza mkono uliogongwa, hujawaachia wachezaji; umemsaidia yule aliyegonga. Lakini Mwalimu alikuwa mkali pia kwa upande wa pili, kwa refa anayetafuta faulo kwa sababu tu mchezo umefika patamu. Mguso usiomnyima mtu kitu si faulo, hata ukitokea kengele ikilia. Kipimo chake kilikuwa swali moja alilolirudia hadi vijana wakamwigiza: “Ungeipuliza robo ya pili?”

Ndiyo maana refa hatazami kikapu cha dakika ya mwisho kama shabiki anavyokitazama. Februari 2021, jijini Yaoundé, Tylor Ongwae wa Kenya alifunga mtupo wa mwisho dhidi ya Angola, taifa lililokuwa limetwaa ubingwa wa Afrika mara 11. Kenya ikashinda 74 kwa 73 chini ya kocha Liz Mills, na ushindi huo ukaisogeza kurudi AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993. Video yake imetazamwa Afrika Mashariki nzima kwa furaha. Mwandishi aliitazama kwa furaha hiyohiyo, na baadaye akaitazama tena kwa kufuata mikono ya mlinzi na vidole vya mtupaji. Kila mtupo wa namna ile umebeba maswali yaleyale mawili ya Morogoro. Mara nyingi tunasahau kwamba refa aliyenyamaza naye amejibu.

Meza ikikorogeka, hata maswali hayo hayasaidii. Mfano mkubwa ni Munich, usiku wa fainali ya Olimpiki ya 1972, Marekani dhidi ya Umoja wa Kisovieti. Zikiwa zimebaki sekunde tatu, Doug Collins alifanyiwa faulo nzito akielekea ringini, akasimama mstarini timu yake ikiwa nyuma 49 kwa 48. Akafunga wa kwanza. Akiwa anatupa wa pili, king'ora cha meza kikalia katikati ya mtupo. Akafunga hata hivyo: 50 kwa 49. Kisha Wasovieti wakadai kwamba waliomba muda wa mapumziko na meza ikauchelewesha. Mchezo ukaanzishwa, ukasimamishwa. Katibu Mkuu wa FIBA, R. William Jones, akateremka kutoka jukwaani na kuamuru sekunde tatu zirudishwe, ingawa kanuni hazikumpa mamlaka hayo. Mara ya pili saa ilikuwa haijawekwa sawa, king'ora kikalia, Wamarekani wakashangilia. Mara ya tatu Ivan Edeshko akarusha mpira uwanja mzima, Alexander Belov akaudaka kati ya walinzi wawili, akafunga. Matokeo yakawa 51 kwa 50.

Mpaka leo wapo wanaobishana kama mmoja wa walinzi wale, Jim Forbes, alisukumwa. Ni swali halali la faulo ya kengele, lakini lilizikwa chini ya vurugu za saa. Refa Mbrazil Renato Righetto alikataa kusaini karatasi ya mchezo. Jopo la rufaa la watu watano liliwapa Wasovieti ushindi kwa kura tatu dhidi ya mbili, na Wamarekani hawajazichukua medali zao za fedha.

Sahihi hiyo ya Righetto ilikuwa somo kamili kwa Mwalimu, na alilitumia kila alipofundisha karatasi ya mchezo. Refa mkuu akishasaini, kazi imefungwa. Kabla ya sahihi, kosa la kuhesabu pointi au la kutunza muda bado linarekebishika. Nahodha asiyeridhika ana dakika 15 tangu mchezo uishe za kumwarifu refa mkuu na kusaini kwenye nafasi yake. Lakini atasaini kulalamikia nini? Makosa ya muda, ya hesabu au ya uhalali wa mchezaji, hayo yanasikilizwa. Faulo ambayo refa ameiona au hakuiona haimo. Nahodha wa kijani alikuja ndani ya muda, akiwa na hasira, akitaka kulalamikia kikapu chake.

“Unalalamikia saa au unalalamikia macho yangu?” Mwalimu akamuuliza.

“Macho yako, Mwalimu. Samahani.”

“Hayo hayana nafasi kwenye hii karatasi, mwanangu.”

Kijana alibaki ameduwaa, akacheka bila kutaka, akaondoka. Tofauti hiyo ya saa na macho inaweza kuonekana ndogo. Si ndogo. Desemba 19, 2007, Atlanta Hawks waliishinda Miami Heat katika muda wa nyongeza, baada ya Shaquille O'Neal kutolewa kwa faulo sita. Kumbe meza ilikuwa imekosea hesabu. Alikuwa na tano. NBA ikakubali malalamiko na kuamuru sekunde 51.9 zirudiwe Machi 8, 2008. Zilirudiwa bila O'Neal, ambaye wakati huo alikuwa ameshahamia Phoenix. Kalamu ya mezani iliweza kuufufua mchezo. Faulo ambayo haikupulizwa Boston haikuweza, ingawa dunia nzima iliiona.

Kwa hiyo nusu saa ya kabla ya mchezo ndiyo ambayo Mwalimu aliithamini kuliko dakika ya mwisho. Aliwasalimia watu wa mezani mmoja mmoja, akagongesha chuma na kwenda kusimama chini ya kila ringi kusikiliza. Aliuliza nani anagonga na nani anaandika, akapanga na mwenzake nani anabaki na mpira na nani na miguso mlio ukikaribia. Walipopanda Mgeta kuchezesha shule za huko, ukungu wa Uluguru ulifika uwanjani kabla ya timu ya wageni, na kutoka mezani ringi ya pili ilionekana kama kivuli. Mwalimu alichezesha robo mbili, akasimamisha mchezo. Wenyeji waliomba waendelee, maana wao wamezoea. Akasema yeye hakuzoea, na kwamba hawezi kuhukumu mkono asiouona.

Siku hizi Morogoro simu imechukua nafasi ya stopwochi. Kuna programu inayohesabu muda, inayoonyesha sehemu za kumi za sekunde na kutoa mlio kupitia spika ya bluetooth, na vijana wanaipenda kwa sababu inafanana na televisheni. Mwandishi alipoialika iingie kwenye mashindano aliyokuwa akisimamia, Mwalimu, ambaye sasa anakaa tu na kutazama, aliomba ijaribiwe kwanza. Sauti ilichelewa. Spika zisizo na waya huweza kuchelewesha sauti kwa kiasi kama sehemu mbili za kumi za sekunde, wakati mwingine zaidi, na kwa kanuni za FIBA sehemu tatu za kumi zinatosha mchezaji kuudaka mpira na kuutupa kihalali. Mwanya wa nondo na reli ulikuwa umerudi, safari hii ukiwa na betri.

Suluhisho lilikuwa waya. Spika ya kuazima ilipatikana kwa kwaya ya kanisa jirani, na waya wake ulikuwa unafika mezani vizuri, kwa sharti kwamba vyote virudi Jumamosi kabla ya saa kumi na moja, muda wa mazoezi. Fainali ikawahishwa kwa saa moja, na kipande cha reli kikawekwa chini ya meza endapo umeme utakatika.